Kanona, Lakini Damu Hana



Mfunguo Mosi umeingia na harusi zimefuatana kama shanga. Kadi zinagawiwa, sare zinashonwa, na simu yangu, kama yako, imejaa matangazo. "Vidonge vya biharusi. Mashavu ndani ya siku kumi. Hipsi bila mazoezi. Asilia mia kwa mia, havina madhara, in shaa Allah." Anayeuza ni mwanamke mwenzetu. Anafungua kwa salamu na anafunga kwa dua. Kati ya salamu na dua hiyo hakuna mahali alipoandika ndani ya kidonge mna nini.

Basi leo nitasema bila kupaka asali. Tunawanenepesha watoto wetu kwa ajili ya picha za usiku mmoja, kisha tunawakabidhi kwa waume zao hali hawana damu ya kubebea mimba. Kidonge kinachoweza kuwadhuru tunawanunulia kwa fedha nyingi na kwa siri. Kidonge wanachokihitaji kweli, ambacho ni rahisi na kipo katika maduka ya dawa, tunawafanya waone haya hata kukiulizia. Kosa hili ni letu sisi wakubwa: mama, shangazi, somo na wapambaji. Msichana hana lake.

Kiganja kabla ya hina

Kazi yangu ni hina na piko. Kabla sijaweka ua la kwanza naushika mkono wa biharusi, naugeuza kiganja, nasafisha kucha. Kwa hiyo naona kitu ambacho baada ya saa tatu hakitaonekana tena na mtu yeyote. Naona viganja vyeupe kama vilivyolowekwa usiku kucha, na kucha zisizo na wekundu chini yake. Hina ikishakolea, kiganja chenye damu na kiganja kisicho na damu vinafanana.

Mwaka jana nilimpaka msichana mmoja, nisimtaje wala mtaa wake. Mashavu yamejaa, shingo imejaa, mama yake anafurahi na kuwaambia wageni, "Mwanangu kanona, mashaallah." Mwenyewe alikuwa anatafuna barafu, kipande baada ya kipande. Nilipomuuliza akaniambia mchele mbichi pia anaupenda, na udongo. Akipanda ngazi moyo unamwenda mbio. Alikuwa wiki ya tano anameza vidonge kutoka kwenye kopo lisilo na karatasi. Siku ya kutolewa nje alianguka kabla hajafika kwenye kiti chake.

Watu wakasema ni jicho. Wakamfukizia, wakamsomea. Hospitali walipompima, himoglobini yake, ile inayoitwa HB, ilikuwa 7. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 tayari ni upungufu wa damu, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Na ile hamu ya kutafuna barafu, udongo na mchele mbichi, ambayo sisi huichukulia kuwa ni udeko wa wasichana, ni dalili inayojulikana na madaktari ya mtu aliyepungukiwa na madini chuma.

Silikatai jicho. Jicho ni haki, tumefundishwa hivyo. Lakini kuamini jicho hakumzuii mtu kwenda kupima damu.

Ndani ya kopo mna nini?

Vidonge vya kunenepesha vinavyozunguka Afrika nzima vinajulikana kwa dawa mbili kubwa. Ya kwanza ni saiproheptadini, dawa ya mzio ambayo humletea mtu usingizi na hamu kubwa ya kula. Ile dawa ya maji ya Apetamin, ambayo ndugu zetu walioko Uingereza wanaijua na wengine wameituma nyumbani kama zawadi ya biharusi, ina saiproheptadini ndani yake. Haikusajiliwa Uingereza wala Marekani, na mamlaka za dawa za nchi hizo zimeonya watu wasiitumie. Mwenye kuitumia hulala kupita kiasi, hula kupita kiasi, na akiiacha, unene wake huondoka ulivyokuja.

Ya pili ni deksamethasoni, na hii ndiyo inayonitisha. Hospitalini ni dawa ya heshima. Hupewa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yapevuke, na wakati wa janga la korona iliokoa wagonjwa waliokuwa mahututi. Lakini hutolewa kwa kipimo, kwa siku zinazohesabika, na daktari akiwa macho. Ukiimeza kila siku kwa wiki na wiki ili mashavu yajae, unachokiona si nyama. Ni maji yaliyozuiwa mwilini na mafuta yaliyohamia usoni na shingoni. Sukari hupanda, shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika, na kinga ya mwili hushuka hadi ugonjwa mdogo unakuwa mkubwa.

Tena ina mtego. Mwili una tezi zake zinazotengeneza homoni ya namna hii, na ukiletewa kutoka nje kila siku tezi hizo hulala. Biharusi akimaliza harusi na kulitupa kopo kwa siku moja, mwili wake hubaki bila homoni hiyo. Hutapika, huishiwa nguvu, presha hushuka ghafla, na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo ewe dada ambaye unasoma haya na kopo liko chini ya mto wako, usilitupe kimyakimya. Lichukue hivyo lilivyo, nenda nalo kwa daktari, mwambie umemeza vingapi na kwa muda gani. Yeye ndiye atakayekupunguzia pole pole.

Muuzaji atasema, "Vyangu si hivyo, vyangu ni vya mitishamba." Sawa. Basi naiandikwe mitishamba hiyo kwa majina, pamoja na kiasi, na kiwanda, na tarehe, na namba ya usajili wa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Mtu anayeuza muhogo sokoni hukuonyesha muhogo. Anayeuza kitu cha kuingia tumboni mwa mwanangu naye anionyeshe.

Na sisi wanunuzi tuna ajabu yetu. Nimewasikia mara nyingi akina dada wakiuliza kama lile ganda la kidonge limetengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Suali zuri, na mimi naliuliza. Lakini tukishajibiwa kuwa ganda ni halali, hatuulizi kilichomo ndani. Tunachunga ganda, tunaachia sumu.

Mama yake Bi Aisha alitumia chakula

Wauzaji hawa wana hoja moja wanayoipenda sana. Wanasema kunenepesha biharusi ni jambo lililofanywa hata enzi za Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Na kweli, imepokewa katika Abu Dawud na Ibn Majah kuwa Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alieleza jinsi mama yake alivyotaka anawiri kabla ya kuingia nyumbani kwa Mtume, akajaribu hili na lile, na kilichomfaa kilikuwa matango pamoja na tende mbichi.

Isome tena hadithi hiyo kwa utulivu. Aliyefanya kazi ni mama mzazi, hakumtuma mtu wa mtandaoni. Alichotumia ni chakula, kinajulikana, kinaonekana, na kila mtu pale nyumbani aliweza kukila. Anayeichukua hadithi ya matango na tende akaitundika juu ya kopo la deksamethasoni anamsingizia mama yake Bi Aisha jambo asilolifanya.

Dini yetu imetukataza kujidhuru na kudhuru wengine. Imetufundisha kuwa mwili ni amana na kuwa tutaulizwa tulivyoutumia. Sioni vipi biharusi atajibu suali hilo kwa kusema, "Nilitaka nionekane vizuri kwenye picha," na sioni vipi mimi niliyemnunulia nitajibu.

Na wale wanaotaka kupungua

Wengine wamekwenda njia ya pili. Gauni limeshonwa dogo, basi biharusi anakunywa chai ya kupunguza tumbo kila usiku. Ukisoma pakiti nyingi za chai hizo utakuta jina tunalolijua tangu kwa bibi zetu: sanamaki. Sanamaki ni dawa, na imetajwa katika hadithi kuwa ni dawa. Lakini ni dawa ya choo kigumu. Inamaliza maji na chumvi za mwili, haiyeyushi mafuta. Mizani inashuka kwa sababu umeharisha, na ukinywa maji inapanda. Anayeharishwa mwezi mzima anapoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayategemea ili upige sawasawa. Bibi yangu alitumia sanamaki siku moja moja kwa haja yake. Hakuifanya chai ya jioni.

Damu hainunuliwi kwa rangi nyekundu

Turudi kwenye damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kuwa takribani wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wana upungufu wa damu, na sisi wa Visiwani tulikuwa na hali mbaya kuliko Bara. Umri huo ndio umri wa maharusi na wazazi. Ukikaa kwenye kupamba, ukawatazama wanawake walio kushoto na kulia kwako, huenda mmoja wao hana damu ya kutosha na hajui. Anajijua tu kuwa anachoka, kichwa kinamuuma, na macho yanaingia kiza akisimama ghafla.

Sababu zake zinajulikana. Hedhi nyingi, mimba zinazofuatana, minyoo, malaria, kichocho, na chakula chenye wanga mwingi na chuma kidogo. Tazama sahani yetu ya kila siku: asubuhi boflo na chai ya rangi, mchana wali na mchuzi, jioni maandazi au chapati na chai tena. Tumbo limeshiba. Damu haijapata kitu.

Na hiyo chai! Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza zaidi ya nusu ya chuma kilichomo kwenye maharage, kunde na mboga. Unaweza kupika mchicha mzuri kabisa, kisha ukaufukuza kwa kikombe kimoja. Sisemi uache chai, najua ninaishi wapi. Nasema isubiri saa moja baada ya kula.

Kuna dawa za damu tunazopeana wenyewe kwa wenyewe: juisi ya bitiruti, soda nyeusi iliyochanganywa na nyanya ya kopo, chochote chenye rangi nyekundu. Wekundu wa kinywaji hauwi wekundu wa damu. Bitiruti ina chuma kidogo tu. Hata tende, ambayo tunaipenda na ni sunna, ina takribani miligramu 1 ya chuma katika gramu 100, yaani kama tende kumi na nne za kawaida. Kwa vipimo vya Marekani, mwanamke anayepata hedhi anahitaji miligramu 18 kwa siku, na mjamzito 27. Kula tende kwa baraka yake, kwa nguvu yake, kwa kukumbuka Bi Maryam alivyoelekezwa kwenye tende alipokuwa katika uchungu. Usiitwishe kazi ya kutibu damu peke yake.

Siku 28 za mwanzo

Sasa nifike kwenye kidonge ninachokitetea. Jina lake foliki asidi. Ni vitamini, mmoja katika jamii ya vitamini B. Ni kidogo, hakina harufu, na ni miongoni mwa vidonge vya bei rahisi kabisa dukani.

Mtoto anapoanza kuumbwa, kuna mrija mdogo unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Mrija huo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Piga hesabu, dada. Siku 28 tangu kutungwa mimba ni pale ambapo hedhi imechelewa wiki mbili tu. Biharusi bado anadhani ni uchovu wa harusi. Hajapima, hajamwambia mumewe, kliniki bado kabisa. Na ile kazi ya kujifunga imekwisha. Mrija usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi na kichwa maji, au ubongo wake haukukamilika na haishi.

Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Walichukuliwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hili na wanataka kuzaa tena. Foliki asidi iliyoanzwa kabla ya mimba ilizuia takribani asilimia 72 ya matatizo hayo yasijirudie. Tangu hapo neno limekuwa moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku, kuanzia mwanamke anapopanga kupata mimba mpaka wiki ya 12.

Kliniki zetu hutoa vidonge vya chuma na foliki asidi kwa wajawazito, na Allah awalipe wanaofanya kazi hiyo. Lakini mjamzito huanza kliniki akiwa na miezi mitatu, minne, au zaidi. Chuma kinamfaa bado, na foliki asidi inasaidia damu. Kwa uti wa mgongo wa mtoto, wakati umepita.

Pale Mnazi Mmoja lipo jengo la upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, lililofunguliwa mwaka 2014 kwa msaada wa madaktari kutoka Hispania. Watoto wenye mgongo wazi na vichwa maji hufanyiwa upasuaji huko, na mama zao hukaa nao kwa subira ambayo mimi sina. Nisieleweke vibaya. Si kila mtoto wa namna hii angekingwa na kidonge, na mama aliyempata hana dhambi wala aibu. Ni mtihani, na ni amana. Lawama yangu ni kwetu tuliokuwa tunajua na hatukumwambia.

"Watasema nina mimba"

Hapa ndipo penye uchungu. Nimemuuliza biharusi zaidi ya mmoja kwa nini hakununua foliki asidi. Jawabu ni lile lile: "Nitaendaje dukani kuomba dawa ya wajawazito na sijaolewa? Watasema nina mimba."

Tazama tulipofika. Msichana anaweza kukaa na kopo la kunenepesha mbele ya mama yake na hakuna anayeshtuka. Akikaa na vitamini ya kumkinga mtoto wake, anatiliwa shaka. Somo anamfunda namna ya kujifukiza udi, namna ya kumpokea mume, namna ya kukanda na kujisinga, na anamfunda vizuri. Hamwambii kuwa siku ya nikaha huenda ndiyo mwanzo wa mimba na mwili unataka kuandaliwa. Tunamsinga ngozi mwezi mzima kwa liwa na karafuu, na ndani tunamwacha hivyo hivyo.

Dawa ya aibu hii ni moja. Mama anunue. Mama mwenye watoto watano akiomba foliki asidi hakuna wa kumtazama mara mbili. Aitie kwenye kapu la biharusi pamoja na udi na manukato. Na somo aiingize katika mafundisho yake, siku ile ile anayozungumza habari za tohara na josho. Jambo likisemwa na somo huwa si aibu tena.

Wapo wanaosema, "Bibi zetu walizaa kumi na hawakumeza kidonge." Ni kweli walizaa kumi. Waulize pia walizika wangapi, na dada zao wangapi walikwenda na uzazi. Katika familia nyingi za hapa utapata jawabu hilo bila kutafuta mbali. Wengine wanasema foliki asidi ni uzazi wa mpango uliofichwa. Hapana. Haizuii mimba, wala haitoi mimba. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye majani ya kijani na kunde, ila mpishi hawezi kukuhakikishia utapata kiasi gani kila siku, na kidonge kinaweza.

Chuma si pipi

Kwa kuwa nimewasema wauzaji, niseme na upande wetu. Asije mtu akasoma haya akaanza kujimezea chuma kama karanga. Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 2002 ulianza utafiti mkubwa Pemba, watoto wadogo walio chini ya miaka mitatu wakipewa chuma na foliki asidi kila siku. Mwaka 2003 vikundi vilivyokuwa vinapewa chuma vilisimamishwa, kwa sababu watoto wake walikuwa wanalazwa na kufariki zaidi ya wenzao. Malaria ilikuwa nyingi, na chuma kinapoongezwa kwa mtoto asiyepungukiwa kinaweza kuwapa vimelea nguvu. Waliokuwa na upungufu kweli na wakafuatiliwa kwa karibu, hao walinufaika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006, na dunia nzima ilijifunza kutokana na Pemba.

Mtu mzima si mtoto, na malaria Visiwani imepungua sana tangu wakati huo. Lakini somo lake linabaki: pima kwanza, tibu malaria na minyoo, kisha ongeza chuma kwa kipimo. Ukimpa chuma mtu mwenye minyoo ya safura inayomnyonya damu, unachota maji kwa pakacha. Na mwenye siko seli asimeze chuma mpaka daktari wake aseme, kwani upungufu wake wa damu una sababu nyingine.

Jikoni tunavyo

Nisiwaache na dawa tupu. Kidonge huziba pengo, na pengo la kila siku huzibwa jikoni. Allah ametuzunguka na bahari. Dagaa wetu huchemshwa, huanikwa, na wafanyabiashara huwapeleka Bara mpaka Kongo, nasi tunaona haya kumwekea biharusi dagaa kwa sababu ni chakula cha maskini. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake ana protini, chuma na kalsiamu pamoja. Chaza na kombe, ambazo wanawake wenzetu wanaziokota kwa jua na mgongo kuuma, zina chuma na zinki. Tunazipeleka hotelini.

Kunde, choroko, mbaazi, mchicha, kisamvu, matembele: vyote ni vyakula vya damu, ila chuma chake ni kigumu kufyonzwa peke yake. Kamulia ndimu, au kula pera, chungwa au papai pamoja navyo. Pera moja lina vitamini C kuliko chungwa. Na ukiweka kipande cha samaki au nyama pembeni, hata kidogo, mwili hufyonza vizuri zaidi kile chuma cha kunde. Maini ni mazuri kwa damu kabla ya mimba. Ukishabeba mimba usiyafanye chakula cha mara kwa mara, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto aliye tumboni.

Na niongeze neno moja kwa wapakuzi. Katika nyumba nyingi mapaja na minofu hupelekwa kwa wanaume kwanza, na wanawake hula wali na mchuzi uliobaki. Anayepoteza damu kila mwezi ndiye anayepewa mchuzi. Bwana harusi asiye na hedhi ndiye anayepelekewa maini. Hilo halikuandikwa katika kitabu chochote cha fiqhi. Ni mazoea yetu, na mazoea hubadilishwa na mwenye upawa.

Kabla ya nikaha

Kwa ufupi, hivi ndivyo ningetaka kila biharusi afanye, miezi mitatu kabla ikiwezekana:

- Apime himoglobini, na apime siko seli yeye pamoja na mchumba wake.
- Atibiwe minyoo, na kichocho ikiwa anaishi penye kichocho.
- Aanze foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya nikaha, aendelee mpaka wiki ya 12 ya mimba. Mwenye kifafa anayetumia dawa, mwenye kisukari, au aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, amwone daktari, kwa sababu kipimo chake ni kikubwa zaidi.
- Ameze chuma ikiwa ameambiwa baada ya kupimwa, na akimeze mbali na chai na maziwa.
- Asiingize mdomoni kitu chochote kisicho na jina, kiasi, kiwanda, tarehe na usajili.

Ewe dada unayeuza, riziki ni ya Allah na siombi upungukiwe. Uza tende safi, uza asali, uza unga wa lishe uliouandika kilichomo, uza dagaa waliofungwa vizuri. Nitakuletea wateja mwenyewe. Lakini ukimuuzia mtoto wa mwenzio kopo lisilo na jina na ukamwambia halina madhara, umeuza kwa uongo, na dua uliyoiandika chini ya tangazo haitakutetea.

Nawe biharusi mpenzi, unayeambiwa kila siku kuwa umekonda, unayelinganishwa na binamu yako: mwili wako si mapambo ya ukumbi. Kesho nitakapokishika kiganja chako kabla ya hina, natamani nikione chekundu. Nikikikuta cheupe nitaweka chini kopo la hina, nitamwita mama yako pembeni, na nitamwambia. Akikasirika, akikasirike. Harusi ngapi tumezichelewesha kwa kumsubiri mpiga picha, hii hatuwezi kuisubirisha saa moja tukapime damu?

Allah awape maharusi wetu afya, watoto wema, na ndoa zenye mapenzi na huruma. Amin. Wabillahi tawfiq.